Kasoro ya Arobaini na Mbili

Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, dalali wa nyumba Denise Rapp aliingia katika nyumba namba 418, Mtaa wa Sycamore, hapa kwetu Tarlow kando ya Mto Ohio. Nyumba ilikuwa tupu, inauzwa. Kilichomshtua kwanza ni baridi. Cha pili kilikuwa kwenye kabati la ukumbini: mfuniko wa sakafuni, ule wa kushukia uvunguni mwa nyumba, ulikuwa wazi na kingo zake zina damu iliyokauka. Denise alimulika kwa simu. Mita tatu kutoka kwenye shimo, juu ya matope, alilala Gary Stambaugh, mkaguzi wa nyumba, miaka sitini na moja. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa umebonyea mpaka jicho limetoka nje. Denise alipiga mayowe yaliyosikika mtaa wa pili, kisha akatapika kwenye sinki ya jikoni, jambo ambalo watu wa maabara hawajamsamehe hadi leo.

Sajini Norma Tackett wa ofisi ya sherifu alifika saa mbili na dakika arobaini. Norma ana miaka hamsini na minne, goti bovu na hasira za karibu, na haamini neno la mtu kabla hajaona kwa macho yake. Alizunguka nyumba nzima na daftari kabla ya kushuka. Akaandika: mabomba yote yamefungwa. Oveni imezimwa. Mifuniko ya vyoo vyote vitatu imeshushwa. Kidhibiti joto cha ukutani kimewekwa nyuzi 55 za Fahrenheit, joto dogo. Hakuna kilichoibwa.

Ndipo akashuka, akitukana goti lake njia nzima. Uvungu ule hauzidi nusu mita kwenda juu. Humo mtu hasimami wala hachutami, anatambaa. Ardhi ya humo inateremka, na kutoka kwenye shimo hadi kwenye maiti kulikuwa na mburuzo mpana kwenye matope, mwili ulipoteleza. Juu ya mburuzo huo zilikuwepo alama za magoti na viganja vya mtu, zimekwenda hadi kwenye maiti na kurudi. Norma aliagiza zipigwe picha kila sentimita.

"Mapigo matano," daktari wa maiti alimwambia. "Kitu cha chuma, cha mviringo, kizito. Alipigwa akiwa anatoa kichwa shimoni, magoti chini. Mtu alimsubiri hapa juu. La kwanza lilimzimisha. Manne yaliyobaki ni chuki."

"Saa ngapi?"

"Kwa baridi hii, sikudanganyi. Kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni."

Simu ya kazi ya marehemu, aliyopigia picha za ukaguzi, ilikutwa chini ya tumbo lake. Picha ya kwanza ilikuwa ya saa saba kamili Jumatano mchana. Ya mwisho, saa nane na dakika thelathini na moja, ilikuwa ya bomba la beseni la kuogea lililopita chini ya sakafu. Lilikuwa linadondosha maji.

Jirani wa upande wa pili alisema aliona pikapu ya bluu ya Leland Kovach, mwanagenzi wa Gary, ikiondoka kwa fujo saa nane na robo. Saa nane na nusu yeye alitoka kwenda kwa dada yake. Aliporudi, saa kumi na dakika arobaini, akaiona pikapu ileile imesimama tena, na baada ya dakika kumi Leland akatoka mbio kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Kabla ya saa sita mchana Leland alikuwa na pingu. Walimkuta jikoni kwake, amekaa kwenye kiti, viatu vya jana miguuni. Magoti yake yalikuwa na matope na mikono ya koti lake ilikuwa na damu ya Gary.

Leland alikuwa na miaka arobaini na saba, mwili mkubwa, sauti ndogo. Norma aliketi mbele yake. Mezani aliweka kadi aliyokutwa nayo mfukoni, ndani ya mfuko wa ushahidi.

"Mara ya mwisho ulimwona Gary lini?"

"Hai au amekufa, Afande?"

"Anza na hai."

"Jana saa nane na robo. Tuligombana, nikaondoka."

"Mligombania nini?"

Leland alinyoosha kidole kwenye kadi. "Hiyo. Bila hiyo jimbo halikupi leseni. Darasa nimemaliza, mtihani nimefaulu. Baadaye wanataka nyumba kumi ukague pamoja na mkaguzi mwenye leseni, naye anatia saini kila mstari. Paa, umeme, hita, vyote. Hii ilikuwa ya kumi. Umebaki mstari mmoja. Uvungu."

"Akakataa kutia saini."

"Mimi ndiye niliyekataa kushuka." Leland alitazama mikono yake. "Miaka kumi na tisa nilikuwa kiwanda cha chuma. Siku moja tulikuwa watu watatu ndani ya bomba la majivu, likaporomoka. Tulikaa humo kwa muda wa saa tisa. Mmoja alifia juu ya miguu yangu. Tangu hapo hata lifti sipandi. Nikamwambia mzee, wewe tia saini tu, nani atajua? Akanijibu, 'Atajua mama atakayelala juu ya uvungu ambao hukuuona.' Nikamtukana. Hata nikamsukuma ukutani, Afande. Mzee wa miaka sitini na moja."

"Halafu?"

"Nikakaa ndani ya gari pale kituo cha mafuta mpaka aibu ikanijaa. Saa kumi na dakika arobaini nikarudi. Gari lake lipo, nyumba kimya. Nikasema acha nishuke peke yangu, anikute nimo ndani. Nikatambaa macho nimefumba. Mkono ukagusa nywele."

"Na simu hukupiga."

"Nilikimbia. Sina cha kujitetea hapo."

Norma alimtazama. Kulia alikuwa halii, na hilo lilimsumbua zaidi kuliko machozi. "Nieleze kazi yenu," alisema. "Taratibu. Mimi mbumbumbu. Mzee angeshuka uvunguni saa ngapi?"

"Mwisho kabisa. Kwanza anafungua mabomba yote ya juu, ndipo anashuka kutazama kama kuna panapovuja. Akipanda anafunga mabomba, anazima oveni, anarudisha joto, anarudisha kila kitu kama alivyokikuta. Ndiyo sheria ya kwanza ya kazi. Nyumba si yako. Mimi ndiye niliyeandika tulivyokuta. Iko nyuma ya kadi."

Norma aliugeuza ule mfuko, akasoma. Alisoma mara mbili, kisha akatoka.

Sherifu Pruitt alikuwa akimsubiri nje ya chumba, amefurahi kama aliyeshinda bahati nasibu. "Damu, magoti, ugomvi, shahidi. Norma, kesi imekwisha. Jumatatu hakimu anamsomea mauaji, na atafia gerezani."

"Maji yalikuwa yanatiririka marehemu alipokufa," Norma alisema. "Nani aliyafunga?"

"Huyo huyo. Alikwenda kuyafunga."

"Basi nipe hadi Jumatatu nimuulize kwa adabu."

Mwenye nyumba, Dale Vance, alikuwa mtu wa pili kwenye orodha, na kwa kweli nusu ya mji ilitamani awe yeye. Mwezi wa kumi na moja Dale alimpiga Gary ngumi ya mdomo mbele ya ofisi ya posta, akamng'oa jino, kwa sababu ripoti ya Gary ilikuwa imemkimbizia mnunuzi. Alikuja kuhojiwa na vifundo vya mkono vimevimba.

"Mkono umefanya nini, Dale?"

"Umefanya kazi yake."

"Jumatano mchana?"

"Jumatano saa saba na nusu nilikuwa baa ng'ambo ya mto namvunja mtu taya. Polisi wa kule walinifungia hadi leo alfajiri. Waulize. Nilimwuma hata sikio." Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Gary alikuwa kichwa ngumu, lakini alikuwa mkweli, mama. Lile jino nilitaka kumrudishia."

"Nyumba yako ulikuwa unaiacha kwenye joto gani?"

"Sitini na mbili. Mwaka juzi mabomba yaliganda yakapasuka, sebule ikawa bwawa. Tangu hapo chini ya sitini na mbili sishushi hata unilipe."

Norma alipiga simu ng'ambo ya mto. Ilikuwa kweli, pamoja na sikio.

Saa kumi alasiri mtu wa tatu alijileta mwenyewe. Curtis Bohannon ndiye mwenye shule ya wakaguzi hapa kwetu, shule pekee yenye kibali cha jimbo katika wilaya tatu. Nusu ya wakaguzi wa bonde hili wamepita mikononi mwake. Alikuwa na miaka hamsini na tano, koti safi, nywele za kuchana kwa maji. Mkandani alikuwa amening'iniza tochi mpya kabisa, kibandiko cha dukani bado kiko ubavuni.

"Sajini, nimekuja kusaidia," alisema, akafuta macho. "Gary alikuwa ndugu yangu. Huyu Leland nilimfundisha darasani. Ana hasira huyu kijana. Nilimwonya Gary."

"Kijana wa miaka arobaini na saba."

"Kwangu wote ni vijana."

"Jumatano mchana ulikuwa wapi, Mwalimu?"

"Shuleni, natayarisha somo la Jumamosi. Peke yangu, nasikitika."

"Gary alikuwa na adui?"

"Gary? Hapana. Ijumaa hii alikuwa aende Bodi ya leseni kwa mambo ya kawaida. Tungepanda gari moja." Akainuka, akamshika Norma bega. Norma hapendi kushikwa bega.

Alipotoka, Norma alipiga simu ofisi ya Bodi, mji mkuu wa jimbo. Mama mmoja wa huko, sauti kavu, alimwambia kwamba Bwana Stambaugh hakuwa anakwenda kwa mambo ya kawaida. Alikuwa amepangiwa saa nzima kutoa ushahidi. Juu ya nini, Gary hakutaka kusema kabla ya siku yenyewe. Aliomba tu faili kumi na moja za watu waliopewa leseni katika miaka mitatu iliyopita.

"Mmoja wao ana jina ninalolijua?" Norma aliuliza.

Yule mama akasoma majina. La saba lilimfanya Norma aweke kalamu chini. Huyo ndiye aliyekagua nyumba ya kina Lindqvist, Mtaa wa Birch. Hita ilikuwa imepasuka, yeye akaandika ni nzima. Januari ya mwaka jana moshi usio na harufu uliwaua mama na watoto wawili vitandani. Norma ndiye aliyewabeba wale watoto hadi nje. Mmoja alikuwa bado amevaa soksi za dubu.

"Katika faili hizo, nani alitia saini zile nyumba kumi?"

"Zote kumi na moja? Gary Stambaugh."

Ijumaa asubuhi Norma alimletea Leland kahawa mahabusu.

"Gary alifundisha wanagenzi wangapi maishani mwake?"

"Watatu. Mimi wa tatu. Alikuwa anasema hana subira ya wa nne."

Kwa hiyo kulikuwa na saini mia moja na kumi za mtu ambaye hakuzitia. Norma alirudi mezani kwake, akaweka daftari lake kando ya ile kadi. Nyuma ya kadi, kwa mwandiko mzito wa Leland: *Tulivyokuta, saa 7:04. Joto 62. Mifuniko ya vyoo juu, vyote. Oveni imezimwa.* Na picha ya Gary ya saa saba na dakika nne ilionyesha hivyohivyo. Lakini daftari la Norma lilisema 55, na mifuniko chini.

Sasa fuatana naye hapa, maana hakuna uchawi. Gary alikufa mabomba yakiwa wazi, oveni inawaka, hita imepandishwa ili ipimwe. Mtu alipita akavizima vyote. Dale asingejali, na kama angejali angeweka 62 yake. Leland alijua 62, aliiandika kwa mkono wake. Aliyeirudisha nyumba ile alikuwa mtu ambaye mkono wake hauwezi kuondoka kabla haujarudisha, hata baada ya kumponda mwenzake kichwa. Na hakuwepo saa saba. Hakujua ilivyokutwa, basi akaipanga anavyojua yeye.

Alipiga simu kwa wakaguzi saba. Kila mmoja alimuuliza swali moja: nyumba tupu, majira ya baridi, umesahau kuandika joto ulilokuta, utaweka ngapi? Watatu walisema wangempigia mwenye nyumba. Mmoja alisema sitini. Watatu, wote waliosoma kwa Bohannon, walisema papo hapo: hamsini na tano, na vyoo ufunike. Hao watatu Jumatano mchana walikuwa kazini, kila mmoja na mteja wake.

"Nani alikufundisha hiyo?" alimuuliza wa mwisho.

"Mwalimu. Anakufokea usipofunika. Hata kwenye msiba wa mama yake alikwenda kufunika vyoo vya kanisa."

Sherifu Pruitt alisikiliza yote, akajikuna shingo. "Unataka nimwachie muuaji kwa sababu ya mfuniko wa choo?"

"Nataka nikipate chuma alichopigiwa Gary."

"Basi kitafute. Jumatatu iko palepale."

Jumamosi saa tatu asubuhi Norma aliketi kiti cha nyuma katika shule ya Bohannon, kati ya wanafunzi kumi na wawili. Alimwambia Curtis kwamba anataka kuelewa kazi ya marehemu. Curtis alitabasamu akampa kitabu.

Shule ile ni ghala kubwa, na ndani ya ghala Curtis alijenga nyumba nzima ya mazoezi: jiko, choo, paa la chini, hita, banda la gari lenye mlango wa mota. Kila kitu kina ubovu aliouweka kwa makusudi, na ubaoni kuna orodha ya kasoro arobaini na moja. Wanafunzi wanatumwa ndani kuzitafuta. Bila saa hizo za nyumba ya mazoezi, jimbo halimtambui mtu, na siku hiyo mtu wa jimbo angepiga simu kuzithibitisha. Curtis alitaka kuziahirisha, akasema ana huzuni. Wanafunzi walinung'unika, akaruhusu.

Saa tano na nusu walirudi na karatasi zao. Mama mmoja mnene, muuguzi mstaafu, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nina arobaini na mbili."

"Ni arobaini na moja, mama."

"Bomba la moshi la hita limeziba. Nimeweka kiganja, hewa haipandi. Haimo ubaoni."

"Umekosea."

"Sijakosea, Mwalimu. Miaka thelathini nimesikiliza vifua vya watu, kitu kisichopumua nakijua."

"Nimesema haimo kwenye orodha! Kaa chini!"

Darasa liliganda. Curtis alifuta midomo, akacheka kidogo, akawapa ruhusa ya chakula cha mchana. Wakatoka wote kwenda mkahawani, yule muuguzi akilalamika hadi mlangoni. Curtis alimsindikiza nje akimbembeleza. Norma aling'oa orodha ubaoni, akaikunja mfukoni, akatuma ujumbe mmoja kwa Pruitt: *Njoo shuleni kwa Bohannon sasa hivi.* Kisha akaingia katika nyumba ya mazoezi.

Hita ilikuwa ukutani mwa banda la gari. Alifungua kiungo cha bomba la moshi kwa mikono. Kwanza lilitoka taulo. Ndani ya taulo ilikuwemo tochi ndefu ya chuma, nzito, kichwa chake kimebonyea, na kwenye ufa wa kioo zimeng'ang'ania nywele nyeupe.

"Mto umeganda," sauti ilisema nyuma yake. "La sivyo tochi hiyo ungeitafuta hadi Mississippi, mto huu unakoishia."

Norma aligeuka na bastola mkononi, lakini Curtis alikwisha kurusha. Ngazi ya alumini ilimpiga kifundo cha mkono, mfupa ukalia, bastola ikateleza sakafuni hadi kwenye kizingiti cha mlango wa banda, uliokuwa wazi.

"Watatu wa Mtaa wa Birch," Norma alisema, ameshika mkono wake. "Unawakumbuka?"

"Mimi sikukagua ile nyumba!"

"Ulimtengeneza aliyeikagua. Uliandika kwamba alipitia nyumba kumi na Gary. Hata moja hakupita."

"Unajua kazi ya kutafuta wakaguzi kumi na moja wa kuwasimamia? Wanachukua miaka! Watu wanataka leseni leo. Wanajua kazi, wengi wao wanajua. Saini ni saini." Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. "Nilikwenda kumwomba. Nilimwambia, Gary, nitafunga shule, nitahama, usiende Bodi. Mabomba yanapiga kelele, ananijibu toka shimoni kama mwalimu wa watoto. 'Curtis, ngoja nipande, tutakwenda wote ukaseme mwenyewe.' Akatoa kichwa."

"Ukampiga mara tano."

"Sikuhesabu."

"Halafu ukafunika vyoo."

Curtis alimtazama kama hakuelewa. Nadhani kweli hakukumbuka. Kisha akamrukia.

Alimpiga teke la goti bovu, Norma akaanguka. Akampiga la pili mbavuni, la tatu usoni, pua ikapasuka. Norma alimwuma mguu kupitia suruali mpaka akaonja damu isiyo yake. Curtis alipiga ukelele, akajinasua, akakimbilia bastola. Akapiga magoti kwenye kizingiti, mkono umenyooka.

Norma alikuwa chini ya swichi ya ukutani. Kasoro ya kumi na saba katika ile orodha ilisema: *mlango wa banda hauhisi kizuizi, ukigusa kitu haurudi juu.* Alijivuta kwa mkono mzima, akapiga swichi kwa ngumi.

Mlango ulishuka. Mlango mzima ungemgusa mgongo na kurudi. Huu haukurudi. Ulimlaza juu ya kizingiti, ukaendelea kukandamiza huku mota ikinguruma, na mfupa wa bega lake ukavunjika kwa sauti iliyomfanya Norma afumbe macho.

"Zima!" Curtis alilia. "Zima! Haurudi huo! Haurudi!"

"Najua," Norma alisema. "Nimesoma orodha yako."

Alimwacha hapo hadi alipomfunga pingu mkono uliobaki mzima. Ndipo akauzima, akakaa sakafuni akivuja damu, na walipofika kina Pruitt walimkuta anatukana goti.

Jumatatu Leland aliachiwa. Aliiweka kadi yake mfukoni, akaenda nyumbani, na kwa wiki tano hakuonekana. Wanaomjua wanasema alikuwa ametafuta kazi ya kubeba mizigo. Norma ndiye aliyemfuata mlangoni, mkono kwenye plasta, akamwambia avae shati, Bodi inamsubiri.

Kikao cha Bodi kilifanyika mwezi wa tatu. Mwenyekiti alikuwa yule mama wa sauti kavu. Aliigeuza ile kadi, akavua miwani.

"Bwana Kovach, mstari wa mwisho hauna saini, na wa kuutia saini amefariki. Baada ya yaliyotokea Tarlow, sitaki kusikia tena kadi yenye pengo. Naomba radhi."

"Hata mimi naona hivyo, mama," Leland alisema, akaanza kuinuka.

"Kaa," Norma alimwambia. Alitembea hadi mbele akichechemea, akaweka picha mezani. "Ushahidi namba kumi na nne. Haya ni magoti yake. Yametoka shimoni, yamefika hadi mwisho, yamerudi. Kwa alama hizi tulitaka kumfunga maisha."

Mwenyekiti aliitazama picha kwa muda mrefu. "Kutambaa si kukagua, Sajini." Akamgeukia Leland. "Uliona nini kule chini?"

"Nilimwona mzee."

"Zaidi ya mzee."

Leland alifumba macho, na jasho lilianza kumtoka kana kwamba amerudi mle ndani.

"Nguzo," alisema. "Nguzo ya tatu ya mbao, upande wa kaskazini. Ilikuwa mbele ya uso wangu nilipofumbua macho. Imeoza toka chini, kama shubiri mbili. Anayenunua nyumba ile aambiwe."

Norma aliinama juu ya picha. Alikuwa ameitazama mara mia na wapelelezi wengine sita nao wameitazama. Nyuma ya bega la Gary ilisimama nguzo, nyeusi toka chini, shubiri mbili.

Mwenyekiti alivaa miwani yake tena. Alisogeza kadi karibu, akaandika kwenye mstari wa mwisho jina la Gary Stambaugh kama msimamizi, na chini yake, kwa herufi za wazi ili mtu yeyote asije akadhani ni saini ya marehemu, akaandika lake.